Kiraka cha Lori la Mayai

Lori la mayai lilirudi asubuhi hiyo likidondosha ute wa manjano barabara nzima, na kabla injini haijanyamaza Delfin, dereva wake, alikuwa amekwisha kuruka chini. Suruali yake ilikuwa imelowa viini vya mayai kuanzia magotini. Perlita alimwona akiwa kwenye jiko lake la lomi, ile supu nzito ya tambi, akapunguza moto, akafuta mikono kwenye aproni. Huyu hakuja kula.

"Kumpare!" Delfin aliita. "Toka, kumpare. Toka uje uone kazi ya mikono yako."

Crisanto, mume wa Perlita, alitoka kwenye kibanda chake cha kuziba pancha. Kibanda na jiko viliegemeana pembeni ya barabara ya kushuka Batangas mjini, na bati moja tu lilitenganisha harufu ya tambi na harufu ya mpira. Yeye na Delfin waliitana kumpare, na Perlita akaitwa kumare, tangu Delfin aliposimama kuwa baba wa ubatizo wa binti yao, ambaye sasa ameolewa kisiwani Mindoro. Hawakuwahi kugombana, hata kwenye mapigano ya jogoo.

Delfin alivuta tairi kutoka nyuma ya lori akaliangusha chini. "Limeniishia upepo kwenye kona ya kuteremka mtoni. Nusu ya mzigo iko mtaroni. Nimelipeleka kwa fundi wa mjini alifungue, unajua alifanya nini? Alicheka. Akawaita na wenzake waje wacheke."

"Ulizidisha mzigo," Crisanto akasema.

"Mayai, kumpare! Mimi sibebi kokoto. Inama utazame ndani."

Crisanto hakuinama. Aliyeinama ni Perlita. Wateja wawili walikuwa wametoka na mabakuli yao mkononi, wanavuta tambi huku wanatazama. Ndani ya tairi kiraka kilikuwa kimekaa kando ya tundu, kama kofia iliyovaliwa upande. Pale palipotakiwa kusuguliwa kidogo tu ili gundi ishike, mashine ilikuwa imechimba mpaka waya za ndani zikatokeza, na waya hizo zilikwisha kuanza kushika kutu. Pembeni yake mpira ulikuwa unang'aa, haukuguswa kabisa. Perlita alikuwa amemwona mumewe akisugua matairi tangu walipooana. Kazi hii hakuitambua.

Delfin alishusha sauti. "Ulikuwa umelewa?"

Crisanto alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika na walio mezani, "Ndiyo. Siku ile nilikuwa nimekunywa. Nisamehe, kumpare."

Nanay Epang, mama yake Crisanto, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu mlangoni, aliinua kichwa. "Amekunywa nani? Huyu?"

"Nyamaza, Nanay," Crisanto akamwambia.

"Bosi ametaka magari yote ya shamba yapelekwe mjini," Delfin akasema. "Nikamwomba, bosi, ngoja kwanza nikaongee na kumpare wangu. Sasa nikamwambie nini? Kwamba ni mlevi?"

Alipanda lori lake akaondoka, na nzi wakabaki kwenye madoa ya mayai. Perlita alimtazama mumewe. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akimwaga glasi yake chini ya meza kwenye kila sherehe ya mtaa, mpaka mbwa wa jirani wakamzoea.

*

Sifa mbaya haikuchelewa. Kina mama wa kikundi cha sala walimletea Perlita picha ya mtakatifu, wakamshika mabega, wakamwambia avumilie, waume wengi huacha wakizeeka. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alikuwa akipaza sauti kila Crisanto akifungua kibanda: "Mzee, leo ya duara au ya pembe nne?" akimaanisha chupa za pombe ya jini. Crisanto alikuwa akitabasamu na kupunga mkono. Tabasamu hilo ndilo lililomkosesha Perlita raha. Mtu aliyesingiziwa hukasirika. Huyu alikuwa kama mtu aliyepewa mwavuli kwenye mvua.

Perlita alianza kumchunga. Mezani Crisanto alinyoosha mkono kuchukua bakuli la mchuzi wa samaki, akakamata hewa, akajifanya anafukuza nzi. Alipomimina kahawa, ya kwanza ilianguka nje ya kikombe. Perlita akawa hatulii. Anakwenda jikoni, anarudi, anachungulia kwenye ufa wa bati, anarudi tena, na lomi inaungua chini.

Adhuhuri moja alimkuta ameketi kwenye ndoo akitia mafuta kwenye mashine ya kusugulia, ile ndogo ya mkononi inayozungushwa kwa upepo wa kompresa. Mafuta hutiwa matone machache pale unapoingia mpira wa hewa. Tone la kwanza lilianguka kwenye dole gumba. La pili kwenye suruali. Crisanto alitafuta tundu kwa kidole kidogo, kama mtu anayetafuta tundu la kufuli gizani, akaliziba nusu, akatia la tatu kando ya kidole.

Perlita aliingia akiwa na upawa. "Santo, unafanya nini?"

"Natia mafuta. Huoni?"

Perlita alizunguka polepole upande wake wa kushoto, akausimamisha upawa karibu na shavu lake. Crisanto aliendelea kuongea akielekea pale mkewe alipokuwa amesimama mwanzo: eti joto la leo, eti kompresa inahitaji mkanda mpya. Upawa ulipomgusa shavuni aliruka, nusura aanguke na ndoo.

"Tangu lini?" Perlita akauliza.

Crisanto aliiweka mashine sakafuni. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akicheka.

"Kabla ya Kwaresima," akasema mwishowe. "Kipande cha waya kiliruka kutoka kwenye tairi. Nikanawa na maji ya bomba. Nikanunua dawa ya matone. Ile siku niliyosema naenda mji wa Lipa kununua gundi, nilikwenda kwa daktari. Akasema nimechelewa, jicho limepata kovu katikati. Akaniuliza, miwani ya kazi unayo? Nikamwambia ninayo. Akasema, iko wapi? Nikamwambia iko ukutani, kwenye msumari."

"Ukutani."

"Inaingia ukungu, Perly. Unajua mwenyewe inavyoingia ukungu."

"Na la kulia?"

"Zima. Lakini moja peke yake halipimi umbali. Nikiingiza mashine ndani ya tairi sijui nimegusa au bado, mpaka nisikie imeshakula."

"Kwa hiyo ukaona bora uitwe mlevi."

"Mlevi anaweza kuacha," Crisanto akasema. "Watu watasema, ameacha, turudi. Chongo ataacha nini? Nani atamletea chongo tairi?"

Perlita alitaka kumhurumia, na alimhurumia, lakini chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinachemka. "Ulijua huoni, na bado ukaendelea kuziba."

Crisanto alipangusa mafuta kwenye suruali. Alipangusa mahali pasipo na mafuta. "Niliogopa," akasema.

*

"Nifundishe," Perlita akamwambia kesho yake.

"Hii si lomi."

"Najua si lomi. Lomi naiweza."

"Watu watasema nini? Mwanamke ndani ya tairi la lori?"

Nanay Epang aliita kutoka upande wa pili wa bati: "Mfundishe! Mimi nitakoroga lomi. Mnabishana kama watoto, na bati lenyewe halizuii kitu."

Basi wakaning'iniza pazia katikati ya kibanda, na nyuma yake Crisanto akaanza kumfundisha kwa ukali, akiwa amesimama upande ambao jicho lake zima lilimwona. Hakumpa mashine. Alimpeleka kwanza kwenye kompresa, akamfungulisha koki ya chini mpaka maji yote ya ndani ya tangi yakatoka. Maji yakiingia kwenye mashine, alisema, yanakula chuma chake. Kisha geji ya kupimia upepo: sindano isipite alama, hata kama unaona mashine ni mvivu. Kisha mafuta. Kisha nywele ndani ya kitambaa, mikono ya shati ipandishwe, aproni yenye kamba ndefu ivuliwe.

"Sasa kichwa," akasema, akimpa kile kigurudumu chenye meno kinachosugua. "Nisomee namba yake ya mzunguko. Halafu nisomee ya mashine."

Perlita akasoma.

"Ya kichwa imezidi ya mashine. Vizuri. Ingekuwa ndogo, ungekitupa. Kikizungushwa kuliko kinavyoweza kinapasuka, na vipande haviulizi njia."

Perlita alikipachika, akachukua ufunguo wa kukazia nati. Kofi la Crisanto lilimwangukia mkononi, ufunguo ukaruka mpaka kwenye ukuta.

"Hewa! Umeacha hewa imeunganishwa! Ukikiminya kile kiwashio kwa bahati mbaya, ufunguo unakupasua uso. Chomoa mpira kwanza. Kila ukigusa kichwa, chomoa. Hata ukiwa na haraka, hata mteja akitukana, chomoa!"

Perlita alibaki akisugua mkono. Machozi yalimlengalenga, si ya maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kwaresima kumsikia mumewe akipiga kelele kama mtu aliye hai.

"Na wewe," akamwambia, "miwani."

"Mimi sishiki mashine."

"Uko chumba kimoja na mashine. Hilo moja lililobaki ni la nyumba nzima, si lako peke yako." Alikuwa amenunua jozi ya pili. Vioo vyote alikuwa amevipaka sabuni ya vyombo na kuvifuta kwa kitambaa kikavu, na ukungu haukuingia. Crisanto aliivaa, akatazama huku na huku. Kitu rahisi namna hiyo.

Walianza na matairi yaliyokufa. Mashine ilipoanza kulia mikononi mwake Perlita aliogopa, akaibana kwa nguvu, akaikandamiza mahali pamoja mpaka moshi ukatoka.

"Unakaanga?" Crisanto akamfokea. "Mpira ukitoa moshi umeungua, na kwenye mpira ulioungua gundi haishiki. Gusa, ondoa. Gusa, ondoa. Usitoke nje ya mstari wa chaki, na ukiona waya, tairi limekwisha, usijaribu kuficha. Na usiiweke chini kabla haijaacha kuzunguka."

"Nitajuaje imetosha?"

Alifikiri. Kisha akaushika mkono wake na kuuweka kwenye shavu lake, ambalo hakulinyoa tangu juzi. "Hivi," akasema. Walisimama hivyo kidogo, mpaka Nanay Epang akauliza mbona mashine imenyamaza.

Jioni vidole vya Perlita vilikuwa vimekufa ganzi kwa mtetemo, hakuweza kushika upawa. Na lomi ya Nanay ilikuwa chumvi tupu, wateja wakalalamika. Lakini viraka vilianza kushika. Crisanto alikuwa akipokea tairi mbele, analipitisha nyuma ya pazia, anawasha redio, kisha analitoa limekwisha. "Kumbe umeacha pombe, mzee!" watu walimwambia. "Kazi safi!" Naye akajibu, "Mungu ni mwema." Nyuma ya pazia Perlita aliyasikia hayo akiwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kope, na kila mara aliyasikia alitaka kulirarua lile pazia. Zamani palikuwa na mmoja anayejificha kwenye nyumba hii. Sasa walikuwa wawili.

*

Delfin alikuja Jumamosi, wakati wateja wa lomi wamejaa.

"Nasikia umeacha," akasema. "Bosi amekubali nikujaribu. Tairi moja tu, hili hapa, msumari. Lakini safari hii nitasimama hapa hapa, nikuone kwa macho yangu." Akalivuta pazia pembeni mwenyewe.

Perlita alikuwa amesimama nyuma yake na mashine mkononi. Delfin alimwinamia kwa heshima, akidhani anapanga vyombo tu.

Crisanto alimtazama mkewe. Perlita alingoja. Alikuwa na maneno yote mdomoni, lakini aliona si yake kuyasema. Ndipo Crisanto akanyoosha mkono, akaichukua mashine.

Alifanya yote kama inavyotakiwa: maji ya tangi, geji, mafuta akiyaongoza kwa kidole, kichwa kikajaribiwa kuzunguka hewani kwanza. Delfin aliitikia kwa kichwa. Crisanto akachora duara la chaki kuzunguka tundu, akaingiza mkono ndani ya tairi. Perlita alikuwa upande wa koki ya hewa. Aliona kichwa kinaelea juu ya mpira, kinatafuta, kinapita mstari wa chaki. Mlio ulibadilika, ukawa mzito, ukaanza kula.

Akafunga koki. Mashine ilishusha pumzi, ikafa.

"Nani amefunga hewa?" Crisanto akauliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Sema wewe kwa nini."

Hata walioko mezani waliacha kuvuta tambi. Crisanto alingoja kichwa kisimame kabisa, akaiweka mashine chini, akavua miwani.

"Kumpare," akasema, "mimi sikuwahi kulewa."

Delfin hakuelewa.

"Sioni. Jicho la kushoto limekufa tangu kabla ya Kwaresima. Tairi lako la siku ile nililiziba kwa kupapasa."

Delfin alivua kofia. Uso wake ulibadilika polepole, na mabadiliko hayo hayakwenda kwenye huruma. "Conching alikuwa kwenye lori," akasema. "Mke wangu alikuwa ameketi pembeni yangu, anaimba. Tulisimama hatua chache kutoka kwenye korongo. Mlevi ningemsamehe, kumpare. Nilikwisha kumsamehe! Mlevi hajui alifanyalo. Wewe ulijua. Ulikuwa na akili zako zote, ukaingiza mkono mle ndani ukijua huoni, halafu ukanipiga begani ukaniambia niende salama."

Crisanto akamtazama mkewe.

"Ni kweli," Perlita akasema. "Ndivyo alivyofanya."

"Na hivi viraka vya siku hizi vinavyosifiwa," Delfin akauliza, "ni vya nani?"

"Vya huyo mwanamke!" Nanay Epang akaita kutoka jikoni. "Yangu ni lomi. Kama huamini, onja."

Hakuna aliyecheka. Delfin alilitazama tairi, akamtazama Perlita, kisha akavuta ile ndoo na kuketi. "Ziba, kumare. Na wewe, kumpare, usiseme neno hata moja."

Perlita alivaa miwani. Akafungua tena koki ya hewa. Alikagua pale mumewe alipogusa: mpira ulikuwa umekwaruzika, waya haikuguswa. Alisugua ndani ya chaki, gusa, ondoa, akafagia vumbi kwa brashi, akapaka gundi, akangoja mpaka ikawa hainati kwenye mgongo wa kidole. Akaweka kiraka, akakisukuma kwa kigurudumu kidogo cha mkono kuanzia katikati kwenda nje, asiache upepo chini yake. Delfin alilirudisha kwenye rimu, akajaza upepo, akalitumbukiza kwenye beseni. Maji yalitulia, bila hata kiputo kimoja.

Alilifunga kwenye lori mwenyewe. Kisha akafungua mlango wa upande wa abiria.

"Panda," akamwambia Crisanto. "Utaketi alipoketi Conching. Tunapeleka mzigo Calamba."

Crisanto alikikosa kipandio, akajigonga ugoko, akapanda.

*

Perlita hakuketi siku hiyo. Aliosha mabakuli yaliyokwisha kuoshwa. Kila lori lililoteremka lilimleta mlangoni. Nanay Epang alisali rozari kwa sauti ya chini, na kila baada ya muda akakatiza sala kuuliza, "Ulipaka gundi ya kutosha?"

"Nilipaka, Nanay."

"Ukangoja ikauke?"

"Nilingoja."

Walirudi alasiri. Delfin alizunguka lori, akalipiga tairi teke, akaja mpaka mbele ya Perlita. "Liko sawa, kumare. Jumatatu nitaleta mengine mawili." Kisha akamwonyesha Crisanto kwa kidevu. "Lakini mimi na huyu bado hatujamaliza." Akaondoka bila kumuaga.

"Alikwambia nini njiani?" Perlita akauliza.

"Hakuna. Kwenda na kurudi, hata neno." Crisanto alikuwa akilitazama lori linavyopotea. "Kwenye ile kona alipunguza mwendo, akasimamisha gari, akanitazama. Basi. Halafu tukaendelea."

Hawakupata nafasi ya kusema zaidi. Kijana mmoja mgeni alikuja akisukuma pikipiki kubwa, tairi la nyuma limelala, shati limemgandama mgongoni.

"Fundi ni nani hapa?"

Mwenye duka la ng'ambo alikuwa mlangoni kwake, na watu wawili watatu wakitazama. Crisanto alisimama wima.

"Mimi sioni vizuri," akasema, bila kushusha sauti. "Fundi ni mke wangu."

Kijana alimpima Perlita kwa macho, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka ndala. Alicheka kidogo, kama anayesubiri wengine wacheke naye. Kisha akageuza pikipiki yake, akaanza kuisukuma kuelekea mjini.

"Mwite," Nanay Epang akanong'ona.

"Mwache," Crisanto akasema. "Kabla ya kuteremka kuna mlima."

Perlita hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinama chini ya kompresa akifungua koki, na maji ya kutu yalikuwa yakitoka, yanachirizika mpaka barabarani. Alipoinuka kuitazama geji, kijana alikuwa amesimama kwenye kona, jua la alasiri limempiga, anajipangusa uso kwa mkono wa shati. Akatazama mlima. Kisha akaigeuza pikipiki.

Alipofika kibandani hakuna aliyemsema. Perlita alikuwa amekwisha kuvaa miwani.

"Iegeshe pale," akamwambia, akiunganisha mpira wa hewa. "Na usisimame mbele ya mashine."